Folda ilifunguka jana, leo imegoma: kufuatilia ruhusa za kurithi hadi zilipokatikia

Kila msimamizi wa mfumo wa nyaraka analijua lalamiko hili: "Jana nilikuwa naifungua folda ya mikataba, leo inaniambia sina ruhusa." Ukienda kuangalia, mlalamikaji yumo kwenye kundi lake, kundi limo kwenye folda kuu, na hakuna anayekumbuka kugusa chochote. Njia ya haraka ni kumwongeza yeye mwenyewe kwenye folda iliyogoma, kuhifadhi mabadiliko na kuendelea na kazi nyingine.

Nakusihi usianze hivyo. Kumwongeza mtu mmoja kwenye folda moja kunanyamazisha simu ya leo tu. Mwenzake atapiga kesho. Na siku huyo wa kwanza akihamia idara nyingine, utamtoa kwenye kundi, lakini jina lake litabaki kule chini ambako hakuna anayetazama. Ruhusa inayokosekana kwenye folda mara nyingi imekatikia ngazi moja au zaidi juu yake, na kazi yako ni kutafuta pale ilipokatikia. Hatua zifuatazo zinafuata njia hiyo. Mifano ni ya mifumo endeshi ya Windows na Linux, na ya programu za kutunza na kushiriki nyaraka za SharePoint, Alfresco na Nextcloud, ila mpangilio ni uleule hata kama programu yako ina jina jingine.

Maneno tutakayotumia

Folda mama ni ile iliyobeba folda nyingine ndani yake. Ruhusa ya kurithi ni ile ambayo folda inaipata kutoka kwa mama yake. Ruhusa ya moja kwa moja ni ile iliyoandikwa kwenye folda yenyewe. Katazo ni ruhusa iliyogeuzwa: linamnyima mtu au kundi kitendo fulani. Kukata urithi ni kuiambia folda isimfuate mama yake tena.

Hilo la mwisho ndilo chanzo cha mkanganyiko mwingi. Urithi unapokatwa, programu kwa kawaida hunakili ruhusa zilizokuwapo wakati huo na kuzigeuza kuwa za moja kwa moja. Siku hiyo hakuna kinachobadilika. Watu wote wanaendelea kuingia kama kawaida, na aliyekata anaondoka akiamini hajaharibu kitu. Miezi inapita. Kisha wafanyakazi wanahamishwa kutoka kundi la zamani kwenda kundi jipya, kundi jipya linaongezwa kwenye folda kuu, na folda iliyokatwa inabaki ikilijua lile la zamani peke yake. Ndipo unaposikia kwamba "jana ilifunguka". Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza nani aligusa nini jana. Pengine hakuna aliyegusa.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba tatizo ni ruhusa

Mwombe mlalamikaji akupe mambo matano: njia kamili ya folda au hati, kitendo alichokuwa akijaribu, maneno ya ujumbe wa kosa kama yalivyo, akaunti aliyoingia nayo, na kama wenzake wa kundi moja wanapata shida hiyo hiyo. Kitendo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Kushindwa kuiona folda, kushindwa kuifungua, kushindwa kuhariri na kushindwa kufuta ni matatizo manne tofauti, na "haifanyi kazi" haikuambii ni lipi.

Kisha ondoa yale yanayofanana na ruhusa lakini siyo. Hati inaweza kuwa imefungwa kwa sababu mtu mwingine anaihariri. Inaweza kuwa katika hatua ya kuidhinishwa ambapo mfumo hauruhusu mabadiliko, au imewekwa chini ya kanuni ya utunzaji wa kumbukumbu.

Baada ya hapo mwambie atoke kwenye akaunti na kuingia upya. Kwenye Windows na Linux, uanachama wa makundi husomwa mtu anapoingia, na kubaki vilevile hadi atoke. Kufunga skrini na kuifungua hakutoshi. Ukimwongeza mtu kwenye kundi saa nne asubuhi na yeye hajatoka kwenye kompyuta yake tangu saa mbili, kwake badiliko hilo bado halijatokea.

Hatua ya 2: Hifadhi hali ilivyo kabla ya kugusa

Usiruke hatua hii, hata kama bosi amesimama mlangoni. Kwenye seva ya Windows, amri hii inaandika ruhusa zote za folda na vilivyomo kwenye faili moja:

icacls "D:\Nyaraka" /save "E:\kumbukumbu\ruhusa.txt" /T /C

Mambo yakiharibika, utazirudisha hivi:

icacls D:\ /restore "E:\kumbukumbu\ruhusa.txt"

Angalia kwamba wakati wa kurudisha tunataja D:\, yaani ngazi moja juu ya folda tuliyoihifadhi, kwa sababu njia zilizoandikwa ndani ya faili zinaanza na jina la folda yenyewe. Usiifungue faili hiyo na kuihifadhi upya kwa kihariri kingine. Usimbaji wa herufi zake (encoding) ukibadilika, amri ya kurudisha itashindwa kuisoma.

Mfumo wako usipokuwa na amri ya namna hii, piga picha za skrini za ukurasa wa ruhusa kwa kila ngazi. Inachosha, lakini picha sita zinaweza kukuokolea wiki nzima. Katika ofisi moja niliyoihudumia, nilibonyeza chaguo la kulazimisha ruhusa za folda kuu zishuke kwa kila kilichomo. Folda ya mishahara ilikuwa imekatwa urithi kwa makusudi. Badiliko langu liliifungua kwa wafanyakazi wote, na nilikuwa sina nakala ya hali ya awali. Kuifunga tena kulikuwa kwa dakika chache. Kurudisha ruhusa za folda nyingine ndogo zilizokuwa na mpangilio wake kulinichukua siku kadhaa za kuuliza mtu mmoja mmoja, na aliyeona mshahara wa mwenzake hawezi kuusahau kwa sababu nimefunga folda.

Hatua ya 3: Anza juu, shuka ngazi kwa ngazi

Chukua karatasi. Andika njia yote kutoka folda kuu hadi ile iliyogoma, kila ngazi kwenye mstari wake. Mbele ya kila ngazi andika mambo matatu: urithi upo au umekatwa, makundi gani yameandikwa, na je, kuna ruhusa za moja kwa moja au makatazo. Shuka bila kuruka. Kishawishi cha kwenda moja kwa moja chini ni kikubwa, lakini ukianzia chini utaona tu kwamba kundi halipo, bila kujua lilipotelea ngazi ipi.

Kwenye Windows, fungua sifa za folda, nenda sehemu ya usalama, kisha mipangilio ya kina. Kuna safu inayotaja kila ruhusa imerithiwa kutoka folda gani. Safu hiyo peke yake inamaliza kesi nyingi. Ukipenda amri, andika icacls na jina la folda, na utapata mistari kama huu:

OFISI\Wanasheria:(I)(OI)(CI)(M)

Herufi (I) ina maana ruhusa imerithiwa. (OI) inasema itashuka kwa faili, (CI) itashuka kwa folda, na (M) ni ruhusa ya kusoma na kubadilisha. Mstari usio na (I) ni ruhusa ya moja kwa moja. Sasa tazama kwa makini ngazi za juu: kundi likiandikwa kwenye folda kuu bila (OI) wala (CI), ruhusa yake inaishia hapohapo na haishuki kabisa. Urithi haujakatwa popote, kila kitu kinaonekana sawa, na bado watu hawaingii. Wasimamizi wengi hukosea hapa kwa kuchagua "folda hii tu" wanapoongeza kundi.

Kama folda ni mamia na huwezi kuzipitia kwa mkono, amri hii ya PowerShell (dirisha la amri la Windows) inaorodhesha zile tu zilizokatwa urithi:

Get-ChildItem D:\Nyaraka -Directory -Recurse | Where-Object { (Get-Acl -LiteralPath $_.FullName).AreAccessRulesProtected } | Select-Object FullName

Ihifadhi orodha utakayopata. Utaitumia tena kwenye hatua ya mwisho.

SharePoint inarithisha kutoka tovuti kwenda maktaba ya hati, kisha folda, kisha hati. Ukurasa wa ruhusa wa kila ngazi unasema wazi kama inarithi au ina ruhusa zake za kipekee. Kinachowashangaza wengi ni kwamba mtumiaji wa kawaida anaweza kukata urithi bila kujua: akishiriki folda au hati kwa kiungo kipya na watu fulani, mfumo unaipa ruhusa za kipekee. Kiungo cha wale ambao tayari wana ruhusa hakifanyi hivyo, na ningependa kila mfanyakazi afundishwe tofauti hiyo siku anapopewa akaunti. Pia ukiona mtu ameandikwa juu akiwa na ruhusa finyu isiyompa kusoma chochote, usimfute. Mfumo umemwandika hapo wenyewe ili aweze kupita kuifikia hati aliyopewa chini.

Kwenye Alfresco kila folda ina swichi ya kurithi. Ikizimwa, zinabaki ruhusa zilizoandikwa hapo tu. Mmiliki wa hati, ambaye kwa kawaida ndiye aliyeipakia, hubaki na mamlaka yote juu yake hata folda ikifungwa kwa wengine. Kwa hiyo "mimi naiona vizuri" kutoka kwa aliyepakia si ushahidi wa lolote.

Kwenye Linux hali ni tofauti kabisa. Ruhusa za kawaida hazirithiwi. Kinachofanya kazi ya urithi ni ruhusa za msingi zilizowekwa kwenye folda kwa setfacl -d, na hizo zinahusu vitu vitakavyoundwa baadaye, siyo vilivyomo tayari. Ukiziweka leo, hati za jana hazijaguswa. Itabidi uzirekebishe kwa amri nyingine. Kuitazama njia nzima kwa mara moja, tumia:

namei -l /srv/nyaraka/mikataba/hati.pdf

Itakuonyesha ruhusa za kila ngazi. Folda yoyote ya katikati ikikosa herufi x kwa mtu husika, hawezi kupita, hata kama hati yenyewe iko wazi kwake. Halafu endesha getfacl kwenye folda na usome mstari wa mask: huo unaweza kupunguza ruhusa za kundi bila kuonekana kwingine.

Hatua ya 4: Uulize mfumo ruhusa halisi ya mtu huyo

Orodha ya makundi inakuambia kilichoandikwa. Matokeo ya mwisho kwa mtu aliye katika makundi matano ni jambo jingine. Windows ina sehemu ya kukokotoa ruhusa halisi ya mtumiaji kwenye mipangilio ya kina ya usalama, na SharePoint ina kitufe cha kukagua ruhusa kinachotaja mtu amepata nini na kupitia kundi gani. Andika jina, soma jibu, lilinganishe na karatasi yako. Jibu la mfumo likipingana na karatasi, kuna kundi ndani ya kundi ambalo hukuliona.

Hatua ya 5: Soma makatazo kwa kanuni ya programu husika

Wengi wamekariri kwamba katazo hushinda daima. Si kweli.

Windows inafuata mpangilio huu: kwanza makatazo ya moja kwa moja, pili ruhusa za moja kwa moja, tatu makatazo ya kurithi, nne ruhusa za kurithi. Miongoni mwa zilizorithiwa, za folda mama hutangulia zile za bibi. Maana yake ni kwamba ruhusa iliyoandikwa kwenye folda yenyewe inalishinda katazo lililoshuka kutoka juu. Umeweka katazo kwenye folda kuu ukiamini umeziba kila kitu, kumbe folda moja ya chini ina jina la mtu lililoandikwa kwa haraka mwaka juzi, na mtu huyo anaingia bila kizuizi. Majina ya haraka niliyoyakataza mwanzoni ni hatari kwa sababu hii pia.

Nextcloud ina kanuni nyingine kwenye folda za timu zenye ruhusa za kina. Mtu akiwa katika makundi mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa, ruhusa inashinda. Lakini kilichonyimwa kwenye mipangilio ya folda ya timu yenyewe hakiwezi kurudishwa na kanuni za ndani. Anayehamia huko kutoka Windows na mazoea yake ataamini ameziba mlango ambao kwa kweli uko wazi.

Ushauri wangu ni kuyaepuka makatazo kadiri inavyowezekana. Kama kundi halipaswi kuingia, usiliandike.

Hatua ya 6: Kagua mlango wa nje

Folda ya Windows inayofikiwa kupitia mtandao ina tabaka mbili: ruhusa za kushiriki na ruhusa za folda. Inayobana zaidi ndiyo inayotumika. Fungua hati ukiwa kwenye seva yenyewe kwa akaunti ya majaribio yenye makundi yale yale. Ikikubali hapo na kukataa kupitia mtandao, acha kuchimba folda. Tatizo liko kwenye ruhusa za kushiriki.

Hatua ya 7: Uliza kama hati ilihamishwa

Ikiwa folda nzima iko sawa na hati moja au mbili tu ndizo zinazogoma, uliza zilitoka wapi. Kwenye Windows, hati iliyonakiliwa inachukua ruhusa za folda inayoipokea. Iliyohamishwa ndani ya diski ileile inabaki na ruhusa za kule ilikotoka. Jambo hili lina sura ya pili mbaya zaidi: hati iliyohamishwa kutoka folda ya wazi kwenda folda ya siri inaweza kuendelea kusomeka kwa wale wale wa zamani, kwa kuwa Windows kwa kawaida humruhusu mtu anayejua njia kamili kupita folda za katikati zisizo zake. Ukikuta hati ya namna hiyo, angalia na nyingine zilizohamishwa siku ileile.

Hatua ya 8: Rekebisha mahali pamoja

Sasa una karatasi inayoonyesha ngazi ambayo urithi ulikatika. Kabla ya kuurudisha, mpigie mwenye folda na umuulize: je, folda hii ilitengwa kwa makusudi? Usikisie. Folda inayoitwa "Rasimu" inaweza kuwa na mambo mazito kuliko inayoitwa "Siri".

Kama ilitengwa kwa makusudi, acha urithi ukiwa umekatwa na uandike kundi jipya hapohapo, likiwa kundi na si majina ya watu. Kwenye orodha za Windows huenda ukakuta mistari inayoanza na S-1-5-21 badala ya majina. Mara nyingi ni akaunti zilizokwisha kufutwa, na baada ya kuthibitisha unaweza kuziondoa.

Kama ilikatwa kwa bahati mbaya, rudisha urithi. Kwenye Windows:

icacls "D:\Nyaraka\Mikataba" /inheritance:e

Amri hii inarudisha za kurithi na kuziacha za moja kwa moja palepale. Kwa hiyo baada yake pitia orodha na uondoe zile za moja kwa moja zisizohitajika, la sivyo mtu aliyetolewa kwenye kundi ataendelea kuingia kupitia jina lake la zamani. Amri ya /reset inafuta za moja kwa moja zote na kubakiza za kurithi tu. Ni safi, lakini ikiunganishwa na /T inashuka hadi chini kabisa na kufagia pia folda zilizotengwa kwa makusudi. Usiitumie kwenye folda kuu. Kabla ya kuiendesha popote, tazama kwanza ile orodha ya PowerShell.

Kwenye SharePoint, kufuta ruhusa za kipekee kunairudisha folda kwa mama yake na kuondoa zilizokuwa zimeandikwa hapo. Waarifu waliopewa folda hiyo peke yake kabla hujabonyeza. Na kama maktaba au folda ina vitu zaidi ya 100,000, mfumo hautakuruhusu kukata wala kurudisha urithi wake. Utalazimika kufanya kazi kwenye folda ndogo za ndani. Idadi ya vitu vyenye ruhusa za kipekee katika maktaba moja nayo ina kikomo cha 50,000, huku Microsoft yenyewe ikishauri visizidi 5,000. Ukikaribia huko, panga upya maktaba badala ya kuendelea kuweka viraka.

Hatua ya 9: Jaribu kwa akaunti tatu

Usijaribu kwa akaunti ya usimamizi, maana hiyo mara nyingi inafungua kila kitu. Tumia akaunti ya mtu anayepaswa kuingia, ya mtu anayepaswa kusoma bila kuhariri, na ya mtu asiyepaswa kuona kabisa. Hiyo ya tatu ndiyo watu husahau, kwa sababu hakuna atakayekupigia simu kulalamika kwamba anaona mengi mno. Kisha, ukiwa na akaunti ya kwanza, unda hati mpya ndani ya folda na uhakikishe akaunti ya pili inaisoma. Ya zamani ikifunguka na mpya ikagoma, urithi bado haushuki; rudi hatua ya 3.

Hatua ya 10: Andika ulichofanya

Tengeneza jedwali lenye safu nne: njia ya folda iliyokatwa urithi, sababu, aliyeidhinisha, na tarehe ya kuikagua tena. Folda yoyote iliyo kwenye orodha ya PowerShell lakini haimo kwenye jedwali hilo ndiyo ya kuanza nayo kazi kesho asubuhi. Mjibu mlalamikaji kwa kumwambia ni folda ipi iliyokuwa na tatizo, na umwombe atoke kwenye akaunti na kuingia upya kabla ya kujaribu.